Mkopo wa pampu ya sola ufuate msimu wa mavuno

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mikopo ya Serikali na nishati ya jua. Dodoma jua tunalo la kutosha na mikopo ya Serikali ipo, ila imepangwa kwa namna ambayo anayelima zabibu au nyanya hawezi kuitumia kununua sola.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na ikikata imekata. Baada ya hapo anayetaka kuvuna lazima amwagilie, na huku Mpunguzi wengi wanamwagilia kwa pampu za petroli. Pita mashambani asubuhi utakuta bodaboda zimefunga madumu ya mafuta nyuma, na pale kisimani kijana ameinama anavuta kamba ya mashine tena na tena hadi ikubali kuwaka. Ikishawaka, mwenye shamba macho yake yako kwenye tanki la mafuta. Petroli ikiisha kabla maji hayajafika mistari ya mwisho, nyanya za huko zinalala na kiu.

Pampu ya sola inamwondolea mkulima gharama hiyo ya kila siku. Tena kwa umwagiliaji haihitaji betri, kifaa ambacho ndicho huwahi kufa kwenye sola za majumbani. Mchana paneli zinaendesha pampu, maji yanapanda kwenye tanki lililoinuliwa, jioni unafungulia yanashuka yenyewe hadi kwenye mche. Paneli nzuri hudumu miaka 20 na zaidi. Kinachotushinda ni kwamba petroli unanunua kidogokidogo, lakini sola inataka fedha zote kwa mkupuo. Hapo ndipo mkopo unapohitajika.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu) haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024, na kwa hilo nashukuru kwa dhati, maana nimeona majirani walioangukia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, wakibebewa hadi magodoro. Lakini kikundi chetu kilipopeleka andiko la pampu ya sola katika ofisi moja, jambo la kwanza tuliloulizwa ni marejesho ya kila mwezi. Zabibu za Dodoma huvunwa misimu miwili kwa mwaka. Fedha inakuja kwa pamoja, kisha inapita miezi mitupu. Tukashauriwa tuombe bodaboda, kwa kuwa inaingiza hela kila siku. Wengine wakakubali, wengine wakakataa, na kikundi kikavunjika.

Mkulima akilazimishwa kulipa kila mwezi, atakopa kwingine ili alipe huku, na mwishowe atauza paneli zenyewe. Marejesho yapangwe baada ya mavuno, na pampu iwe ndiyo dhamana badala ya nyumba ya mtu.

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukitoa mkopo nafuu kwa wanaojenga vituo vidogo vya mafuta vijijini. Siupingi, kwa sababu kuuza petroli kwenye chupa za maji karibu na majiko kumeshaunguza watu. Ninachoomba ni kwamba kama Serikali imeweza kumkopesha anayetuletea petroli karibu, imkopeshe pia anayetaka kuachana nayo. Bangladesh walianza mwaka 2003: kampuni ya Serikali, IDCOL, ilizikopesha taasisi zinazofanya kazi vijijini, nazo zikawafungia wanavijiji sola za majumbani kwa malipo ya awamu. Zilifungwa zaidi ya milioni 4. Wakopaji walikuwa watu wa vijijini kama sisi.

Nina hofu moja, na nisingependa ifichwe. Maji ya sola hayana bei ya kuyavuta, kwa hiyo mtu anaweza kusukuma kutwa nzima hadi kisima kikauke, na cha jirani pia. Mji wa Dodoma wenyewe unategemea visima vya Makutupora, hivyo maji ya chini ya ardhi huku si ya kuchezea. Mkopo usitolewe kabla ya kupima kisima na kupata kibali cha bodi ya maji ya bonde, inayosimamia matumizi ya maji, na uende pamoja na mipira ya kumwagilia kwa matone. Pampu yenyewe ikaguliwe na fundi anayejua kazi kabla muuzaji hajalipwa, kwa sababu paneli feki zimejaa madukani na deni halifutwi paneli ikifa.

Wenye mashine za kusaga na kukamua alizeti Kibaigwa na Singida nao wafikiriwe. Wengi wanaendesha mota chakavu zinazokula umeme mwingi, na mkopo wa kubadilisha mota ungewapunguzia bili bila kuongeza hata nguzo moja.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai mosi. Nawaomba madiwani wa Jiji la Dodoma, Chamwino, Bahi na Kongwa, kabla ya kupitisha bajeti ijayo, watenge sehemu ya ile asilimia 10 kwa ajili ya vifaa vya nishati ya uzalishaji, na ratiba ya marejesho wakae waipange pamoja na wakulima wa kata husika. Sisi wa Mpunguzi tukiitwa tutakuja.

Mkulima wa zabibu na nyanya,
Mpunguzi, Dodoma