Dereva wa teksi hafundishwi kwa ubao tu

Mhariri, kijana wangu anasomea udereva hapa Mombasa, anataka kuingia teksi, na wallahi haya mafunzo yananishangaza. Ni kusukuma vigari vya plastiki kwenye ubao, mtihani, cheti cha tabia njema, basi ushakuwa dereva.

Sasa abiria aseme Mji wa Kale, ramani ya simu imtie kichochoro hata mkokoteni haupiti, arudi rivasi huku watu wampigia kelele. London madereva wa teksi nyeusi hukaririshwa mitaa kama 25,000 kabla ya leseni, sisi hatutaki yote hayo, lakini wazee wa teksi si wapo? Walipwe kitu wawatembeze hawa vijana Majengo, Kizingo, mpaka foleni ya feri Likoni jioni. Na kauli pia wafunzwe jamani.

Mzazi, Kisauni