Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale: fedha ya chokaa ije mwaka mmoja kabla

Kwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale,
Wizara ya Maliasili na Utalii,
Dodoma.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MIKATABA YA USHIRIKIANO NA WATAFITI WA NJE, KILWA KISIWANI NA SONGO MNARA

Hatuna ugomvi na wageni. Magofu yetu yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014, na fedha za nje zilisaidia katika kazi hiyo. Tunachoomba ni kimoja: mkataba wowote utakaopita mezani kwako uonyeshe chokaa itatoka wapi, na itachomwa lini.

Timu nyingi huja kati ya Juni na Agosti, vyuo vyao vikiwa likizo. Kwa kuchimba, ni wakati mzuri, maana ardhi imekauka. Kwa kukarabati, fundi anayefika Juni na kutaka chokaa Julai amechelewa. Chokaa ya matumbawe haisubiri ratiba ya mtu. Magogo hupangwa duara, mawe ya matumbawe juu yake, moto unawashwa, na jiwe linapotoka limekuwa jeupe na jepesi mkononi. Kisha linamwagiwa maji taratibu, linachemka lenyewe na kusambaratika kuwa unga. Hapo wenye haraka huchukua mwiko. Lakini unga huo bado una vipande ambavyo havijazimika. Vikiingia ukutani vinazimika humo humo, vinavimba, na lipu inatoka vipele. Dawa yake ni kuuchekecha, kuuloweka shimoni, kufunika, na kuuacha kwa miezi. Ndiyo maana tunasema moto uwake Septemba au Oktoba ya mwaka uliotangulia, kabla mvua hazijalowesha kuni, na fedha iwe imefika Agosti.

Fedha ikichelewa, tunajua kinachofuata: saruji. Mfuko unapatikana dukani, unakauka upesi, na picha ya ripoti inapendeza. Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu kutoka ardhini na chumvi ya bahari, na lazima uutoe. Saruji inaziba. Unyevu unatafuta njia kupitia jiwe lenyewe, maji yanakauka ndani, chumvi inaganda na kuupasua uso wa jiwe. Baada ya misimu michache kiraka cha saruji bado kimesimama imara, na jiwe la karne nyingi pembeni yake linamomonyoka kama mkate mkavu. Chokaa ni laini kuliko jiwe, na kazi yake ni hiyo: ichakae yenyewe, jiwe libaki.

Mchanganyiko tunaoufahamu ni chokaa ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3. Mchanga wa ufukweni hautumiki mpaka uoshwe kwa maji baridi, yaani yasiyo ya bahari, mara kadhaa, chumvi iishe. Ukuta unaloweshwa kabla ya lipu, lipu inapigwa kwa tabaka nyembamba za sentimita moja hivi, kisha magunia mabichi yanatundikwa juu yake kwa siku kadhaa. Kusi ikivuma ukutani hukausha lipu kabla haijashika, na nyufa zinaonekana kesho yake asubuhi. Bajeti inayoandika “saruji, mchanga, vibarua” na kusahau magunia na mtu wa kuyamwagia maji si bajeti ya ukarabati.

Kuna mtego mmoja: kuni. Zamani tanuri lilipenda mikoko, nayo mikoko ndiyo inayozuia mawimbi kula ufukwe mbele ya Gereza, ile ngome ya kale ya Kilwa Kisiwani. Kukata mikoko ili kutengeneza ukuta ambao bahari itaubomoa ni kujidanganya. Mkataba utaje minazi mizee iliyokwisha kuzaa, na matumbawe ya nchi kavu, si ya baharini.

Kwenye uchimbaji tunayo machache. Shimo lisiachwe wazi hata msimu mmoja. Likijaa maji ya masika, kingo zinadondoka na msingi wa ukuta unabaki hewani. Lifukiwe kwa udongo wake uliochekechwa, juu ya kitambaa kinachoonyesha mpaka wa uchimbaji. Na kigae bila daftari lake, lenye namba ya shimo na tabaka, ni kigae tu. Nakala ya daftari na picha zibaki Kilwa kabla timu haijapanda ndege. Mkoa wa Lindi unajua maana ya kusafirisha vitu kwanza na kuuliza baadaye: mifupa ya dinosaria ya Tendaguru iliyochimbwa 1909 hadi 1913 imesimama Berlin, na Mtanzania anayetaka kuiona anaomba viza.

Msimu huu tanuri linaweza kuwashwa kabla ya mvua, kama idhini itatoka Agosti. Mafundi wapo, na shimo la kulowekea tunaweza kulichimba kwa siku mbili.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mafundi chokaa na walinzi wa magofu, Kilwa