Silikanti alivuliwa, mngwa naye aletwe

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu mngwa wa Lindi, yule paka mkubwa wa kusimuliwa anayedaiwa kuua watu, niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, mazoea ya miaka thelathini ya kusahihisha madaftari ya baiolojia. Mwandishi wenu anajua kusimulia. Lakini alipofika kwenye ushahidi alishika hoja ambayo sisi wa Tanga hatuwezi kuinyamazia: kwamba wanasayansi walimkana silikanti mpaka wakaumbuka, basi na mngwa wanayemkana leo atakuja kuwaumbua vilevile.

Silikanti ni samaki wetu. Bahari kuanzia mlango wa mto Pangani kuja kaskazini ilitengwa mwaka 2009 kuwa hifadhi yenye jina lake. Kwa hiyo naomba nafasi nieleze alivyoaminiwa, maana kisa chake kinamgeuka mwandishi.

Desemba 1938 meli ya uvuvi ilitia nanga East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa akitunza makumbusho madogo ya mji ule, akaona pezi la buluu likichomoza katikati ya rundo la samaki. Joto lilikuwa kali na hakupata pa kumgandisha, matumbo yakaoza yakatupwa, ikabaki ngozi iliyojazwa na mifupa ya kichwa. Hiyo tu. Lakini J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki, alipoitazama ngozi ile hakuhitaji kusimuliwa. Mapezi yaliyoota juu ya vikonyo vya nyama, magamba, mkia wenye kishungi katikati, vyote alivijua kutoka kwenye visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, vya samaki waliodhaniwa kutoweka miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka 1939 silikanti alikuwa tayari ana jina la kisayansi. Kabla ya hapo hakuna aliyewaambia wanasayansi kwamba samaki huyo bado yu hai wakakataa, kwa hiyo hilo la "kumkana" mwandishi amelitoa kwake.

Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, baada ya vipeperushi vyenye picha na zawadi ya pauni 100 kusambazwa pwani nzima. Wavuvi wa huko wakashangaa mshangao wa wageni, kwa kuwa wao walimwita gombesa siku zote. Hapa kwetu alianza kunasa kwenye jarife za papa zilizoshushwa kina kirefu, miaka ya 2003 na 2004. Mmoja nilimgusa mwenyewe Kigombe. Ana mafuta samaki yule, na harufu yake ilikaa mkononi siku mbili, nikanawa kwa ndimu mpaka mke wangu akacheka.

Mfano uliomfaa zaidi mwandishi wenu uko Rungwe, naye hakuugusa. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kima mwenye haya, kipunji. Watafiti waliowasikiliza, akiwemo Tim Davenport, hawakuweza kujua mara moja kama wanaambiwa habari za mnyama au za pepo. Wakaingia msituni, na Desemba 2003 wakamwona vizuri. Mwaka uliofuata watafiti wengine, wasiojua habari za wale wa kwanza, wakamkuta msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka hapo. Mwaka 2005 wote kwa pamoja wakamtangaza kwa picha, bila mzoga, na baadhi ya wenzao wakanung'unika: picha si mwili. Kisha kipunji mmoja akafia kwenye mtego wa mkulima shambani. Mwili ulipopimwa vinasaba ikaonekana ana undugu wa karibu na nyani kuliko ilivyodhaniwa, na mwaka 2006 akapewa jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, yake peke yake. Mwandishi wenu anasema sayansi huwadharau wazee wa vijijini. Rungwe wazee walisikilizwa, jina walilompa kima wao ndilo linalotumika duniani, na hata hivyo hakuna aliyeacha kudai mwili.

Tena desturi hiyo ya kudai mwili haikuja na meli. Iko ndani ya hadithi ya huyohuyo mngwa, ambaye pwani wengi humwita nunda. Edward Steere aliichapa mwaka 1870 kama alivyosimuliwa Unguja, na bibi yangu alikuwa nayo bila kitabu. Paka wa sultani anaanza kula mifugo, sultani anamtetea. Anakula mbuzi, anamtetea. Mpaka anakuwa nunda mla watu. Mwana mdogo anatoka kumtafuta. Anaua mbwa, anamburura hadi nyumbani akiimba kwamba kamuua nunda. Mama anatazama: mwanangu, siye. Analeta ngawa. Siye. Punda milia, twiga, faru, ndovu, kila mmoja anatazamwa, na jibu ni lilelile. Siku ya nunda mwenyewe, kijana kabla ya kupiga anahesabu alama alizopewa na mama yake: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mkia mnene. Yule mama nilikuwa nikimtumia darasani. Hakumwita mwanawe mwongo, wala hakusema nunda hayuko. Alitaka mzoga, akaulinganisha na maelezo yaliyotolewa kabla ya mzoga kupatikana.

Mwandishi wenu ameegemea sana maandishi ya William Hichens, hakimu wa kikoloni aliyekaa Lindi, hasa lile la askari aliyekutwa ameuawa usiku sokoni, ameshika nywele za kijivu. Simpuuzi Hichens, na watu wa Lindi waliosema hakuwa simba waliwajua simba kuliko mimi. Lakini simba hawahitaji msaada wa mngwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba nchini tangu 1990, na Lindi ni miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Mtu anayevamiwa gizani na mnyama mkubwa wa jamii ya paka hapati nafasi ya kuhesabu madoa. Na mngwa akiwa na ukubwa wa punda, kama isemwavyo, hawezi kuwa mmoja aliyeishi miaka mia. Lazima wawe na majike, watoto, mavi njiani, mafuvu vichakani. Silikanti alijificha mita mia na zaidi chini ya maji. Mngwa anajificha wapi, kwenye mikorosho? Udzungwa kamera zilizofungwa kwenye miti zilimnasa mwaka 2005 sange (kijinyama chenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi haikuwa ikimjua, mnyama wa gramu mia saba tu. Tangu hapo kamera za namna hiyo zimefungwa katika misitu mingi ya nchi hii, na paka wa ukubwa wa punda hajapita mbele ya hata moja.

Nywele, hata hivyo, ni jambo la maana, na hapo nakubaliana na mwandishi. Nywele alizoshika yule askari zingekuwepo leo, kazi ingekuwa fupi. Mwaka 2014 Bryan Sykes wa Oxford alipima nywele zilizodaiwa kuwa za Yeti, Bigfoot na ndugu zao, majitu ya kusimuliwa yenye manyoya mwili mzima. Zilikuwa za dubu, farasi, ng'ombe, mbwa na wanyama wengine wa kawaida. Mbili alizihusisha na dubu wa kale wa ncha ya kaskazini, wenzake wakarudia hesabu wakamwonyesha kwamba ni dubu wa Himalaya tu. Mwaka 2017 mabaki mengine tisa ya Yeti yakapimwa: manane dubu, moja mbwa. Siye, siye, siye. Anayelalamika kwamba wanasayansi hawataki hata kuangalia, awahesabu walioangalia.

Ndiyo maana lililonigusa zaidi katika makala ile ni mstari mmoja uliopitwa haraka: kwamba yupo mzee Lindi aliyehifadhi kipande cha ngozi ya mngwa sandukuni, urithi wa babu yake. Mwandishi alikiona, akakisifu, akaondoka! Ndugu Mhariri, mrudisheni. Ngozi isioshwe wala isipakwe mafuta, na ishikwe kwa mikono michache iwezekanavyo. Iwekwe kwenye bahasha ya karatasi, si nailoni, maana unyevu huiozesha. Mzee abaki na ngozi yake. Kipande kama ukucha wa kidole kinatosha, na nywele chache zilizong'olewa na mizizi yake. Kipelekwe chuo kikuu cha kilimo, Morogoro, na mzee apewe hati ya kuonyesha kilichochukuliwa. Nauli ya basi ya kwenda na kurudi, ya mzee na ya mwandishi wenu, nitatoa mimi.

Mwalimu mstaafu,
Tanga