Panya wa maabara hawatoshi kutueleza hatari ya pombe

Mhariri,

Ripoti yenu kuhusu panya wanaotumiwa kuchunguza ulevi wa kupindukia ni nzuri, ila ina pengo. Ni kweli aina fulani ya panya, akiwekewa kileo cha asilimia 20 takriban saa tatu baada ya taa kuzimwa (usiku ndio mchana wake), hunywa hadi damu ikafikia miligramu 80 za pombe kwa kila mililita 100. Kiwango hicho ndicho Wamarekani hukiita ulevi wa kupindukia.

Lakini mnywaji wa mitaa ya mabanda ya Nairobi kama Mathare au Korogocho hajui kilichomo kikombeni. Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ikitiwa methanoli (aina ya pombe yenye sumu), mwili huigeuza kuwa asidi ya fomiki, nayo hupofusha na kuua. Panya huiondoa asidi hiyo haraka kuliko binadamu, hivyo hunusurika pale jirani yetu anapozikwa.

Polisi na maafisa wa kaunti wanaponasa pombe haramu, sampuli ipimwe methanoli kabla ya mapipa kumwagwa mtaroni mbele ya kamera, na matokeo yatangazwe mara moja mtaani na kwenye hospitali za karibu.

Msomaji,
Huruma, Nairobi