Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kuta za Nje za Majengo Yetu na Afya ya Mji

Ndugu wanachama, wachora ramani na mafundi wa ujenzi,

Mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati iweke kando kwa mwaka mmoja mabishano ya bei za vifaa na ishughulikie swali moja tu: jengo linalosimamishwa Mbeya au Iringa linampa nini mtu asiyelimiliki, yaani jirani, mpita njia, mama anayeuza mboga chini ya ukuta wake na mtoto anayepita hapo kila siku akienda shule. Agizo hilo nililipokea kwa moyo wote, kwa sababu mwenye jengo huishi ndani, lakini ukuta wa nje huishi nao mtaa mzima.

Mambo ya ndani ya chama nayataja kwa kifupi. Kamati imekutana kila robo mwaka, wanachama wapya wamepokelewa, wengi wao mafundi wa lipu na wachora ramani vijana, na hesabu atazisoma Mhazini nitakapomaliza.

Katika majira ya baridi, kati ya Juni na Julai, tulifanya ukaguzi kwa miguu hapa Mbeya kutoka Mafiati hadi Mwanjelwa na kuendelea Soweto, na wenzetu wa Iringa wakafanya vivyo hivyo Mlandege na Kihesa. Jambo lililotushtua zaidi ni vioo. Fremu za biashara na maghorofa mapya yamevikwa vioo vyeusi kutoka chini hadi juu, bila mtu kuuliza jua linatokea wapi. Vioo vinavyotazama magharibi hupokea jua la alasiri likiwa limeinama, chumba kikachemka kuanzia saa tisa, mpangaji akaweka kiyoyozi, na kiyoyozi kikamwaga joto lake juu ya watu walio barabarani. Usiku kioo hichohicho chembamba hupoteza joto upesi, na asubuhi wafanyakazi huingia ofisini wakiwa na makoti. Haya yanatokea katika mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mimi naona ni kuiga ramani za mahali pengine bila kuzipima kwa hali ya hewa yetu.

Naomba tulitazame jua kwa makini, kwa kuwa ndilo kiini cha taarifa hii. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, baridi inapozidi, jua la mchana husimama upande wa kaskazini, kama nyuzi 58 juu ya upeo wa macho. Katikati ya Oktoba, msimu wa joto na vumbi, hupita karibu utosini. Upenu wa sentimita 60 kwenye ukuta wa kaskazini hutupa kivuli cha kama sentimita 95 tu katika mchana wa Juni, kwa hiyo sehemu kubwa ya dirisha lililowekwa vizuri hupata jua na chumba kikapata joto bila gharama. Oktoba upenu huohuo huukinga ukuta wote saa za mchana. Upande wa magharibi upenu pekee hautoshi, kwa sababu jua huingia kwa chini. Hapo panahitajika baraza pana, matofali ya matundu, au mti.

Joto hilo la bure lina uzito mkubwa kwetu kuliko lilivyo kwa watu wa pwani. Sote tunazijua habari za familia zilizofunga madirisha usiku wa baridi, zikaingiza jiko la mkaa chumbani, na hazikuamka. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Elimu kwa wananchi inahitajika, lakini nasi tuliochora chumba kile kikatazama kusini, kikiwa na kidirisha kidogo na ukuta usioonja jua tangu Mei hadi Agosti, tuna sehemu yetu katika msiba huo.

Nami nina langu la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita nilichora zahanati ambayo sehemu yake ya kusubiria inatazama barabara upande wa magharibi, kwa kioo kitupu, kwa sababu mteja alitaka ionekane ya kisasa na mimi sikumpinga. Katika ukaguzi wetu niliwakuta akina mama wamewafunika watoto wagonjwa kanga usoni kwa ukali wa mwanga, na wengine wamehamia nje kukaa chini, kwenye kivuli cha ukuta wa jirani.

Kuhusu unyevu, tuliyoyaona yanajulikana. Penu zimefupishwa ili kupunguza mabati, gata hazipo au zimeziba, na maji ya mvua yanaruka kutoka ardhini na kulowesha tofali za kuchoma hadi kuvu inaota ndani, jambo lisilomfaa kabisa mwenye pumu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 100, likinyeshewa milimita 10, linatoa lita 1,000. Bila gata na tangi, maji hayo yote yanamwagwa kwenye njia ya watu. Gata iliyoziba nayo hutuamisha maji, na mbu huzaliana humo.

Suala la mimea ukutani lilileta ubishi mkali kwenye kamati, na ninaona ulikuwa ubishi wa haki. Waliopinga walisema mizizi hupasua lipu na majani huficha nyoka. Waliounga mkono walionesha vumbi la kiangazi na moshi wa malori ya barabara ya TANZAM, ambao majani huunasa kwa kiasi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha chembe laini hewani hadi wastani wa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka, na moshi wa dizeli ni chanzo kimojawapo cha chembe hizo. Tulikubaliana kwamba pesheni au bogavilia ipandishwe kwenye nyaya zilizoachana na ukuta, na kwamba ua mnene wa kimo cha mtu uwekwe kati ya barabara na jengo. Kwenye mtaa mwembamba wenye maghorofa pande zote mbili, miti yenye vichwa vilivyofungamana inaweza kuuzuia moshi usipande, kwa hiyo hapo tusiipande kwa mazoea.

Wapo walioniuliza kuhusu vigae vya hospitali moja ya Mexico City vilivyopakwa titani dioksidi, ambayo ikipigwa na jua husaidia kugeuza gesi za moshi wa magari kuwa chumvi inayooshwa na mvua. Ni kazi nzuri ya sayansi, lakini kwa fedha tulizonazo naona baraza na ua vitawafaa watu wengi zaidi.

Liko jambo moja ambalo silikubalii mjadala. Tarehe 14 Juni 2017, jengo la makazi la Grenfell, London, liliungua na watu 72 wakafa, baada ya moto kupanda kwa nje kupitia vibao vya alumini vyenye plastiki katikati, vilivyobandikwa wakati wa ukarabati. Vibao vya namna hiyo vinatafutwa sana kwa kupendezesha maghorofa. Fundi asiyejua kilichomo katikati ya kibao asikibandike.

Kamati inaleta mbele yenu maazimio haya mpige kura: kila ramani ya mwanachama ioneshe jua la Juni na la Oktoba kwenye kila ukuta, upenu usipungue sentimita 60, nayo gata isiondolewe kwa ajili ya kubana bajeti, vibao vyenye plastiki katikati visitumiwe na mwanachama yeyote, na chama kiiandikie halmashauri kuomba uso wa jengo unaotazama barabara uangaliwe wakati wa kutoa kibali cha ujenzi.

Mwenye ile zahanati amekubali tujenge baraza upande wa magharibi. Mchoro nimeutoa bila malipo, na mafundi wanne wamejitolea nguvu zao. Katibu ataweka vipimajoto viwili, kimoja ndani na kimoja barazani, na vipimo vya Oktoba vitasomwa kwenye mkutano mkuu ujao.