Vita vya Shela na riwaya isiyojua maji kupwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu riwaya za kihistoria za vita, ambazo vijana wetu wa pwani wameanza kuziandika kwa hamu inayonifurahisha sana. Kila Jumamosi alasiri mimi hukaa na vijana kadhaa hapa Lamu tukasomeana miswada, na mwezi uliopita mmoja wao alileta sura tatu za riwaya ya Vita vya Shela, vile vilivyopiganwa mwanzoni mwa miaka ya 1810 katika kijiji cha Shela hapa kisiwani, baina ya watu wa Lamu na jeshi la kisiwa cha Pate lililoungana na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa. Kijana ana kipaji. Hata hivyo, nilipomaliza kusoma niliona kwamba vita vyake vingeweza kupiganwa mahali popote, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Shujaa wake anaruka kutoka jahazini, anakata ufuo mbio, anapiga risasi sita mfululizo, huku adhana ikisikika kutoka mnara wa msikiti wa Ijumaa wa Shela. Msikiti ule ulijengwa mwaka 1829, kwa hiyo mnara wake haukuwapo. Kosa hilo tulilifuta kwa mstari mmoja. Risasi sita ni jambo zito zaidi, kwa kuwa zinamharibu mhusika mwenyewe. Askari wa wakati ule alishika bunduki ya mrau: alimimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, akatia risasi, akashindilia, kisha akaulinda utambi usizimwe na upepo wala maji ya chumvi. Baada ya mlio mmoja alibaki hana kitu mkononi isipokuwa mti na chuma, kwa muda ambao adui mwenye jambia angeweza kumfikia. Ujasiri wake, au woga wake, uko ndani ya muda huo, na mwandishi akiuondoa, hatujui tena ni mtu gani tunayemsoma.

Nikamwambia twende Shela kwa miguu, siku ya bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au mwandamo na bahari ikajaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakiwa yanatoka. Tulikaa tukaitazama mashua moja iliyofungwa karibu na ukingo. Mwanzo ilielea, baadaye ikaanza kuinama, na hatimaye ikalalia ubavu, nanga yake iko wazi juu ya mchanga, na nahodha amejikalia kivulini akingoja maji yajae, kwa sababu hakuna nguvu za watu wawili au watatu zinazoweza kuisogeza. Masimulizi tuliyoyapokea kwa wazee yanasema kwamba Wapate na Wamazrui waliposhindwa walikimbilia vyombo vyao wakavikuta vimekwama namna hiyo hiyo, maji yamekupwa, na wengi wakauawa pale pale ufuoni. Katika mswada wa kijana, bahari ilikuwa imetajwa mara moja tu, na iling'aa. Mimi naamini kwamba katika kisa hiki bahari ni mhusika kamili, na kila amri inayotolewa na jemadari lazima iulize kwanza maji yako wapi. Pepo za majira nazo ni hivyo hivyo: jeshi linalotoka Mombasa kuja kaskazini husukumwa na kusi, na anayetaka kurudi kwa tanga lazima aifikirie kaskazi, kwa hiyo kalenda ya vita hivyo ilikwisha kupangwa kabla ya mtu yeyote kunoa upanga.

Kuhusu maadui, kijana aliwachora kama watu waliotoka nchi ya mbali, wasio na sura. Pate ni kisiwa jirani yetu. Mpiganaji wa Lamu angeweza kumsikia adui akimwita mwenzake “ndoo”, yaani njoo, na kumwonyesha “ndia”, yaani njia, akalitambua tamko hilo, pengine akamtambua na msemaji. Hata washairi wakubwa wa zama zile, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu, waliuimba uhasama huo kila mmoja akiwa upande wa mji wake, kwa lugha ambayo mwenzake aliielewa hadi ndani. Riwaya inayomnyima adui lugha inajinyima huzuni yake kubwa kuliko zote. Na wako watumwa, walioilima nchi hii na kubeba mizigo ya mabwana wao. Sijaona mswada hata mmoja unaowauliza wao waliuonaje ushindi ule.

Dhamira nayo huachwa ufuoni. Vijana wengi hufunga kitabu Lamu ikishangilia, ilhali watu wa Lamu wenyewe, kwa kuhofia kulipiziwa kisasi, walimwomba Seyyid Said, mtawala wa Oman, awalinde, naye akaleta liwali wa kuutawala mji kwa niaba yake, pamoja na askari. Ngome iliyokamilika mwaka 1821 ingali imesimama katikati ya mji wetu, na mwandishi anayetaka kujua ushindi uligharimu nini anaweza kwenda kukaa barazani pake.

Gazeti lako lina ukurasa wa fasihi. Naomba wahakiki wake, wanapopokea riwaya za namna hii, wazipime kwa mambo haya kabla ya kuhesabu maiti na mapanga, na ikiwezekana wachapishe sura moja moja za vijana wa Lamu, Siyu na Faza pamoja na masahihisho yao. Kijana wangu anaiandika upya sura ya tatu, na safari hii ameanza kwa kuuliza siku ile mwezi wa angani ulikuwa umefikisha siku ngapi.

Wako msomaji,
Langoni, Lamu