Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Msitu wa Sokoke

Malindi, Julai

Mwanangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo, ila roho yangu haijatulia tangu muuza maziwa aseme tembo wameonekana tena upande wa Jilore, pembeni mwa msitu huo. Najua mtakuwa na askari wa msitu. Askari ni mmoja, nyinyi wengi, na msitu wenyewe una kilomita za mraba zaidi ya 400.

Mchana sina neno. Kwenye miti ya mirihi, kule kwa mchanga mweupe, mtu huona mbali. Hesabuni ndege wenu, okoteni majani yenu. Ninachohofia ni usiku. Huyo bundi wa Sokoke, kijindege cha kuenea kiganjani, anapenda vichaka vya udongo mwekundu ambako mtu haoni hatua tano mbele. Akilia msimfuate. Msikilizeni kutoka njiani, mwandike mmemsikia, yatosha. Na kusi hii inavyovuma, upepo ukitoka kwako kumwendea tembo, atakunusa nawe hujamwona.

Majirani huniuliza mwanangu amesoma chuo kikuu ili ahesabu sange, vijinyama vya pua ndefu? Nawaambia sange huyo mwenye rangi ya dhahabu kiunoni hapatikani duniani ila pwani yetu hii, na mwanangu ndiye anayejua wamebaki wapi. Wananyamaza. Lakini wewe nawe, kwani simu imekatazwa? Nilisikia habari ya safari yako kwa watu.

Mkipita penye miti ya mbambakofi, angalia kama kuna miche inayoota chini ya mikubwa. Babako alipokuwa akichonga milango hakuuliza mti umekatwa wapi, nami sikumuuliza. Ada yako ilitoka humo.

Chomeka suruali ndani ya soksi, kupe na siafu hawana huruma. Sweta nimeitia kwenye mkoba, baridi ya kipupwe huko hushuka alfajiri. Mkate wa mofa ule mapema, usiungojee ukauke. Betri za tochi ni mpya. Si za kukutoa kambini usiku, ni za kwendea chooni, tena mwende wawili.

Pampu ya kisima imeharibika, tunachota kwa ndoo. Bibi yako mguu umepungua uvimbe, anakusalimu. Shangazi yako ataka kujua kama utakuja harusini, maana leso za sare zanunuliwa wiki hii. Na ufunguo wa kabati la vyombo, kama uko nawe, mpe huyu anayekuletea barua.

Mamako